Tupeane uzoefu: mama zetu waliopanda treni, meli na njia za panya kutafuta

#1 (mwenye uzi)

Wakuu habari za jumapili. Bi mkubwa wangu ametutoka, arobaini imeisha wiki iliyopita. Msibani kila aliyesimama kuongea alisema mama aliteseka kutulea, mama alihangaika, na ni kweli alihangaika sana ila mi nilikaa pale naona kuna kitu hakisemwi. Mama yangu alikuwa anapenda safari.

Alianza biashara ya kwenye treni ya TAZARA 1987, anatoka Dar na nazi na samaki wakavu anauza Mbeya na Tunduma, anavuka kwa miguu mpaka Nakonde upande wa Zambia, anarudi na maharage na mchele wa Kyela. Daraja la tatu, kakalia gunia lake mwenyewe maana ukisinzia mzigo unashuka Makambako bila wewe. Sisi tunabaki kwa mama mkubwa Yombo. Akirudi tulikuwa hatuulizi umetuletea nini, tunauliza umeona nini, basi anakaa chini hata kanga hajabadilisha anaanza, twiga na tembo aliowaona treni inapita mbuga ya Selous, alafu ile milima ya Mlimba kupanda Makambako, treni inaingia kwenye handaki giza totoro behewa zima kimya, ikitoka ukichungulia dirishani chini ni korongo na daraja, tumbo lote linacheza. Ile reli ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, sisi tulijua yeye mwisho wake Nakonde.

Juzi napanga vitu vyake nimekuta daftari lake la madeni. Fulani nazi 40, fulani kalipa nusu, kurasa na kurasa ivo ivo. Kwenye ukurasa mmoja wa 1994 kaandika Kapiri Mposhi, kaandika nauli, alafu sehemu ya mzigo kaandika "hakuna". Nyumbani hakuna aliyewahi kujua. Nimelia kuliko siku ya mazishi. Naombeni na nyie mseme ya mama zenu, zile safari zao, sio mateso tu.

#2

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe mama. Mi wa Tarakea, Rombo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivovunjika 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, hadi 1983 ndo ukafunguliwa, na huku sabuni ni ya foleni duka la ushirika unaweza kukesha na usipate. Mama alikuwa binti mdogo tu ndo kaolewa, anatoka usiku na maharage kichwani anapita mashambani hadi Loitokitok upande wa Kenya, anarudi kabla hakujakucha na sabuni na mafuta ya Kimbo. Alijua nyumba zote zenye mbwa wakali na mgambo gani yuko zamu lini. Walimkamata mara moja wakabeba mzigo wote, wiki iliyofuata kaenda tena kwa njia nyingine, na tumboni yupo na mimi! Bado yupo hai namshukuru Mungu, na akisimulia hizo habari anasimama anaonyesha kabisa alivokuwa anainama kwenye migomba. Umenifanya nimpigie simu sasa hivi.

#3

Kwetu mwambao wa Ziwa Tanganyika hakukuwa na gati, meli ya Liemba inasimama katikati ya maji inapiga honi, hata saa nane usiku, mitumbwi inaikimbilia. Meli ya Mjerumani ile ya 1913, ilishazamishwa kwenye vita ikaja kuibuliwa. Mama anasimama kwenye mtumbwi unaoyumba, anarusha kwanza magunia ya dagaa, alafu watu wa juu wanamvuta mikono, kuogelea hajui. Mpaka Mpulungu huko Zambia. Mi naachwa kwenye mtumbwi na mjomba naangalia taa za meli zinapotea, hadi leo nikisikia honi nasisimka mwili.

#4

Samahani mwenye uzi kama nitakukwaza ila mi mama kusafiri kuliniuma. Duka Kariakoo, mizigo Guangzhou, Kiingereza hajui Kichina hajui, anabonyeza bei kwenye kalkuleta anamwonyesha Mchina, Mchina anafuta anabonyeza yake, wanaenda ivo hadi wanaelewana. Kila mtu anamsifia. Mi siku ya mtihani wa darasa la saba nilitaka yeye anifunge tai akawa hayupo. Nilimnunia miaka. Mwaka jana ndo kaniambia safari ile alilala hotelini kakumbatia sare yangu ya zamani, aliibeba kwenye begi. Sikujua niseme nini wakuu, nikamchemshia chai tu.

#5

Mkuu #1 hao waliokuwa wanasafiri nae hujawauliza? Labda kuna anayejua hiyo ya Kapiri.

#1 (mwenye uzi)

Asanteni sana, nimesoma zote. #4 dada yangu hujanikwaza, hata mi zipo siku nilimlilia stesheni mpaka nikatapika.

Nimemuuliza mmoja, mama wa makamo, walikuwa wanakaa behewa moja. Anasema mwaka ule walifika Tunduma wakauza kila kitu mapema, wenzake wakashusha mifuko yao, yeye hakunyanyuka. Wakamuuliza unaenda wapi na huna hata gunia, akawajibu anataka kuona reli inaishia wapi. Akalala Kapiri pale pale stesheni, akarudi na treni iliyofuata.

Sisi akatuambia alichelewa kwa sababu ya mvua.