Mrejesho: pektini ya maganda ya machungwa, Kisumu

Wadau niaje, mnikumbuke, ni mimi niliuliza kama maganda ya machungwa yanayobaki kwa juisi yangu hapa Kibuye yanaweza kutoa pektini, ile kitu inagandisha jamu, bila kunifilisi na bila kumwaga asidi kali kwa mtaro unaoishia ziwani. Asanteni sana aki.

Nilifuata ushauri wenu wa kuchemsha maganda na asidi ya sitriki (ile ya ndimu) badala ya ile kali ya hidrokloriki na imeshika, nusu kilo ya maganda makavu imenipa karibu gramu 40 na jamu imeganda, ingawa pektini ni ya kahawia kiasi. Maji yaliyobaki natuliza asidi yake na chokaa kwanza, makapi yanaenda mboji.

Kukausha kwa jua kumenigomea, mvua ilinyesha siku tatu maganda yakaota ukungu nikatupa yote, iliniuma.

Gharama kubwa ni ethanoli, ile spiriti ya kutenga pektini na maji, si maganda. Yule aliniambia niikeneke tena (niichemshe nikusanye mvuke wake) kwa nyuzi 78, chombo kikiwa ndani ya maji moto, mbali na moto wazi, ubarikiwe, lita 10 narudisha kama 6, lakini inarudi imechanganyika na maji na gesi ya kuchemshia maji inaisha haraka, so bado sijapata faida.