Kati ya Misri ya mafarao na Babeli ya Hammurabi, mtu wa chini alipumua wapi?

Wakuu, kuna dhana imeshika sana kwamba Misri ndo ilikuwa jehanamu ya mnyonge na Babeli ndo ilileta haki sababu ya sheria za mfalme wake Hammurabi, miaka ya 1750 KK hivi. Mi nabisha. Zile sheria wengi tunazisifia bila kuzisoma. "Jicho kwa jicho" ni pale muungwana anapomtoboa muungwana mwenzake, akimtoboa mtu wa kawaida analipa mina moja (kama nusu kilo) ya madini ya fedha anaenda zake, akimtoboa mtumwa wa mtu analipa nusu ya bei ya huyo mtumwa. Ila wewe ukimzaba kibao aliyekuzidi cheo, viboko 60 hadharani. Hata tabibu alikuwa na bei tatu, shekeli 10 za fedha (shekeli 60 ndo mina moja) kwa muungwana, 5 kwa wa kawaida, 2 kwa mtumwa.

Misri nako wakubwa walikuwepo, sibishi. Lakini mwaka wa 29 wa farao Ramesses III, mafundi wa makaburi ya wafalme kule Thebes waligoma kisa posho ya nafaka imechelewa, siku 18 za mwezi zishapita, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu wanasema tuna njaa. Na mwisho walipewa chao. Babeli kuna nini cha hivyo?

—

Mleta mada unatupiga chenga. Hao walikuwa mafundi wa ikulu, wana nyumba, wengine wanajua kusoma! Mkulima, ambao ndo walikuwa wengi, alipimiwa shamba na karani, kodi ya nafaka ikipungua ni fimbo, na bado anaweza kukamatwa shokoa akachimbe mifereji. Babeli sheria ya 48 inasema mafuriko au ukame ukila shamba lako, mwaka huo hulipi deni wala riba. Ya 117, mke au mtoto akichukuliwa kwa deni anatumika miaka 3, wa 4 anaachiwa. Mkopeshaji gani leo mtaani anakupa hiyo?

—

Nyie mnabishania wafalme tu. Mohenjo-daro, magofu ya mji wa kale Pakistan ya leo, wamechimba weeee, hakuna kasri linaloeleweka wala kaburi la mfalme, na nyumba nyingi zina bafu na mfereji wa maji machafu. Hao ndo walikuwa sawa.

—

Mkuu wa Mohenjo-daro, maandishi yao hayajasomeka mpaka leo, kukosa kasri sio ushahidi kwamba hakukuwa na bwana na mtwana. We wa sheria ya 48 nakupa haki yako kuhusu mkulima wa Misri. Ila vibao vya udongo vilivyoandikwa kesi na mikataba ya Babeli vipo kwa maelfu na karibu havilitaji kabisa lile jiwe lililochongwa sheria za Hammurabi. Jiwe ni mfalme anajisifia mbele ya miungu, mgomo wa Thebes uliandikwa na karani wao mwenyewe siku kwa siku. Mwenye kibao cha hakimu aliyemsamehe mkulima kwa kutaja sheria ya 48 alete.

—

Kibao cha hakimu sina, ila nakuletea amri ya Ammi-saduqa, mfalme wa ukoo huohuo wa Hammurabi. Alifuta madeni ya shayiri na fedha ya watu wa kawaida, akayaacha ya wafanyabiashara, na mkopeshaji akilazimisha kulipwa adhabu ni kifo. Hiyo haikuwa ya kujisifia, ilikuwa amri ya kazi. Farao gani alifanya hivyo?