Mkono wa Zuhura

(Haya yametoka kwenye kikundi chetu, "Wana wa Bi Asha". Nimepunguza salamu za asubuhi, maua ya Ijumaa Karimu na ile video ya dawa ya kisukari ambayo Kaka Shabani ameshaituma mara tatu. Mama hana simu ya kugusa. Yuko Kilosa, na akiwa na lake Hamisi mjukuu wake ndiye anayemwandikia.)

JUMATANO

Mimi: Shikamooni wakubwa. Huyo hapo mtu wenu, Zuhura. [picha]

Mimi: Sare imetoka kwa fundi leo. Darasa la kwanza Jumatatu inshallah 🙏

Tatu Dodoma: Jamaniii mwanangu! Mbona sketi inafagia?

Mimi: Ya kukulia hiyo. Nilimwambia fundi aache pindo la vidole vinne, yeye kaacha shibiri nzima.

Tatu Dodoma: Mpaka la tatu hununui nyingine 😂

Kaka Shabani: Mashallah. Na hilo pengo je?

Mimi: Limetoka jana. Jino kalirusha mwenyewe juu ya bati, likateleza likarudi. Karusha tena, likarudi. Mara ya nne jirani katoka na kanga moja anauliza nani anampiga mawe.

Tatu Dodoma: 😂😂😂 nimekufa

Mjomba Omari: Salaam aleikum. Mtoto mzuri. Je, mkono unafika?

Tatu Dodoma: Waaleikum salaam, shikamoo mjomba. Mkono unafika wapi?

Mjomba Omari: Sikioni.

Kaka Shabani: Mjomba, siku hizi wanataka cheti cha kuzaliwa tu 😄

Mjomba Omari: Sisi nani alikuwa na cheti? Mwalimu alikuwa anakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilishika, kaa huku. Usipolishika, rudi kwenu ukaamie ndege mpungani. Mimi nilirudishwa mara mbili.

Hamisi: Mara mbili babu?

Mjomba Omari: Kichwa kilikuwa kikubwa. Mwaka wa tatu nikakilaza kidogo upande. Mwalimu akaona, akacheka, akaniandika. Hiyo ni 1959.

Hamisi: Na kichwa bado kipo babu 😂

Mjomba Omari: Nikija Kilosa tutaonana.

Baba Zuhura: Turubai limechanika kwa nyuma nani ana kamba

Baba Zuhura: Samahani. Si huku.

Baba Zuhura: Bado tuko kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, leo siku ya nne. Mama Zuhura rudia hiyo picha haifunguki.

Kaka Shabani: Pole sana shemeji.

Hamisi: Bibi nimemsomea yote. Anasema nimjibu babu. Naandika kama anavyosema mwenyewe.

Hamisi: "Omari, wa kwangu ulifika."

Hamisi: "Mwaka ule uliorudishwa mara ya kwanza. Nilikuwa nyuma yako. Mwalimu akasema na huyu ajaribu, nikalishika sikio bila kulaza kichwa. Akasema huyu anafaa. Baba akasema huyu kaja kumsindikiza mdogo wake tu."

(Hapo kimya. Watu wamesoma, nawaona, hakuna aliyeandika. Nina miaka arobaini na moja na hili nilikuwa silijui.)

Mjomba Omari: Ni kweli dada.

Mjomba Omari: Na kila siku wewe ndiye uliyekuwa unanivusha mto mgongoni.

Hamisi: Anasema ulikuwa mzito.

Tatu Dodoma: Mama lakini si ulisoma kisomo? Mbona jina lako unaandika?

Hamisi: Anasema alianza 1970, ule mwaka Mwalimu Nyerere alioutangaza wa elimu ya watu wazima. Walikuwa wanasoma jioni wakitoka shamba. Akaacha alipojifungua baba. Aliishia kwenye jina.

Kaka Shabani: Kumbe mimi ndiye mkosaji.

Hamisi: Anasema ndiyo.

IJUMAA

Hamisi: Shangazi Mwajuma, bibi anasema Jumatatu lazima awepo. Kashafunga mzigo.

Mimi: Mama wewe, na hiyo miguu?

Hamisi: Anasema miguu haisomi, anasoma Zuhura.

Kaka Shabani: Basi nakata tiketi ya treni, ya SGR. Hamisi nitumie namba ya kitambulisho cha bibi, ile ya NIDA, kwangu, siyo humu. Kilosa mpaka Dar ni 18,000, nalipa mimi kwa lile kosa langu.

Hamisi: Anauliza, hiyo treni ya umeme, umeme ukikatika porini?

Kaka Shabani: Mwambie anafika kabla hajamaliza tasbihi.

Hamisi: Anasema tasbihi yake huijui.

Hamisi: Mzigo ni mchele kilo ishirini, ndizi, na kuku wawili.

Kaka Shabani: Kuku hawapandi.

Hamisi: Anasema basi mmoja.

Kaka Shabani: Hata mmoja.

Hamisi: Kanituma kisu. Anawachinja wote, anawakaanga usiku huu. Anauliza wakikaangwa wanapanda?

Tatu Dodoma: Mama hashindwi 😂

Mjomba Omari: Hivi Zuhura atasoma mpaka la ngapi? Sisi tuliishia la nne, kwenda la tano ni mtihani na bahati.

Kaka Shabani: Sisi la saba. Hawa wa sasa wataishia la sita, halafu wanaunganisha sekondari. Mtaala mpya huo.

Mjomba Omari: Ilipanda, sasa inashuka.

JUMAPILI

Mimi: Mama kafika salama. Kuku pia. Anasema treni ni nzuri ila hairuhusu mtu kuagana, ukipunga mkono watu wameshapotea.

Mimi: Zuhura hakupewa hata nafasi ya kumwamkia vizuri. Kasimamishwa katikati ya sebule, "pitisha mkono". [picha]

Mimi: Umefika. Ncha za vidole zimeshika sikio kabisa.

Mjomba Omari: Kalaza kichwa?

Mimi: Hakulaza mjomba. Bibi yake alikuwa kakishika kwa mikono miwili.

Mjomba Omari: Alhamdulillah.

Baba Zuhura: Mwanangu! Foleni imesogea, kesho huenda nikavuka. Nawapigia usiku mtandao ukikubali.

JUMATATU

Mimi: Saa moja na dakika tano tuko getini. Ufagio wa chelewa tumeleta, rimu ya karatasi tumeleta, madaftari manne. Ada hakuna, lakini mikono imejaa 😅

Tatu Dodoma: Analia?

Mimi: Halii. Kaniachia mkono pale pale getini kaingia, hakugeuka. Sketi ndiyo ilikuwa inamsumbua, anaishika kama bibi harusi anayevuka dimbwi.

Tatu Dodoma: Na mama?

Mimi: Mama ndiye kazi. Nimemwambia tuondoke, amekataa. Anasema nyie nendeni. Kakaa kwenye jiwe chini ya mwembe, mlinzi kamwonea huruma kamletea kiti cha darasani, kile kidogo. Magoti yamefika kidevuni na hataki kubadilishiwa.

Kaka Shabani: Picha!

Mimi: Anasema asipigwe.

Mimi: Saa nne wametoka kunywa uji. Zuhura kaja mbio na kikombe, kanywa nusu, nusu kampa bibi. Halafu wenzake nao wakaja. Sasa hivi watoto kama kumi na tano wamemzunguka, kila mmoja anapitisha mkono juu ya kichwa akaguliwe.

Hamisi: Na wasiofika?

Mimi: Anawaambia walaze kichwa kidogo.

Mjomba Omari: 😄😄

Baba Zuhura: Nimevuka. Niambieni anatoka saa ngapi.

Mimi: Saa tano na nusu. Ukipiga utampata.

Kaka Shabani: Dada, tiketi ya mama ya kurudi niikate ya lini? Jumatano kuna nafasi.

Mimi: Ngoja nimuulize.

Mimi: Mwalimu alipita hapa kamwambia wiki hii ni kuzoea mazingira na kuimba tu. Herufi wanaanza wiki ijayo.

Kaka Shabani: Kwa hiyo?

Mimi: Kwa hiyo usikate.