R1150RT inavuja oili chini, fundi anataka kushusha giaboksi. Nisaidieni kabla sijatoa hela

mpanda_milima
Wakuu salaam. Nina BMW R1150RT ya 2003, ile boksa (silinda moja kushoto, moja kulia) ya siisii 1130, imeshatembea sana ila injini bado tamu. Tangu nimerudi Iringa kila asubuhi nakuta doa la oili sakafuni, katikati kabisa ya pikipiki, pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi kapiga tochi kidogo tu akasema hiyo sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke injini inapoungana na klachi) imekwisha, giaboksi ishuke. Sasa kwa hii mashine kushusha giaboksi sio mchezo, tairi la nyuma linatoka, shafti ya kuzungusha tairi inatoka, fremu ya nyuma inafunguliwa, na bei aliyonitajia ukiongeza kidogo unapata boda mpya. Klachi haitelezi, mlima Kitonga nimepanda na mabegi na mama watoto nyuma hamna shida. Oili kwenye kioo cha kupimia imeshuka kidogo. Hivi kweli hakuna kingine kinachoweza kuvujia hapo?

boksa_mzee
Kaka usitoe hata mia kwanza. Oili ikivuja popote kwenye hiyo injini, upepo unaisukuma nyuma na uzito unaishusha chini, kwa hiyo vyote vinaishia kudondokea hapo hapo ulipoona. Panapodondokea sio panapovujia. Unatafuta sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa iliyolowa, ukiipata hiyo ndio mwizi wako.

Fanya hivi: injini ikiwa imepoa isafishe chini yote na dawa ya kuondolea grisi, suuza kwa maji ya kawaida (achana na ile presha ya kuoshea magari, inaingiza maji kwenye sili na soketi za umeme), iache ikauke kabisa. Halafu nyunyiza poda ya mtoto kuanzia mbele mpaka nyuma, chini ya silinda zote mbili, pembeni, na pale kwenye maungio. Zungusha kilometa chache tu mpaka injini iwe ya moto, rudi uchungulie na tochi. Poda ikilowa inabadilika rangi, unauona mstari kabisa umetokea wapi.

Na maswali mawili. Usiku unailaza kwenye stendi ya pembeni au ile kubwa ya kati? Na hiyo oili inanukaje?

spana13
Mzee yuko sahihi kuhusu kusafisha ila fundi naye tusimdharau, sili ya nyuma kwenye hizi inakufa kweli, na klachi yake ni kavu, sio kama Boxer ya bodaboda ambayo klachi inaogelea kwenye oili. Oili ikigusa pleti ya klachi basi tena, unanunua pleti. Pima hivi: barabara ikiwa wazi, gia ya tano spidi 80, fungua mafuta kwa nguvu. Mshale wa mzunguko ukiruka na spidi haiendi, klachi inateleza. Ikivuta vizuri bado una muda.

Kuhusu harufu, chovya kidole. Oili ya injini ya zamani ni nyeusi na inanuka kuungua. Ya giaboksi ni nzito zaidi na inanuka kiberiti, kama mayai viza, hiyo ukiikuta ujue ni sili ya mbele ya giaboksi na hapo kushusha hukwepi. Ya tatu watu wanaisahau: 1150 klachi yake ni ya haidroliki, R1100RT ndio ilikuwa na waya. Silinda ndogo ya klachi iko nyuma ya giaboksi, ikichoka inamwaga mafuta ya breki na yanaweza kupita ndani ya shafti ya giaboksi mpaka kwenye pleti. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi, kushoto kwenye usukani. Pleti inavyolika kiwango chake huwa KINAPANDA, kwa hiyo ukikuta kimeshuka, kuna pa kutokea.

mpanda_milima
Asanteni wakuu, nimerudi na majibu. Kikopo cha klachi kiko juu vizuri. Gia ya tano inavuta haina wasiwasi. Harufu ni ya oili ya injini, nyeusi. Tapeti kava (vifuniko vya vali) zote mbili kavu, na ekzosti haina harufu ya oili kuungua. Huwa nailaza stendi ya pembeni, usiku mmoja nikaiweka stendi ya kati nikakuta tone moja tu, nikadhani imepona yenyewe 😂

Poda: mbele kavu, kulia kavu. Kushoto kuna mstari mweusi unaanzia kwenye kioo cha kupimia oili, upande wa chini wa ile duara, unateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) unarudi nyuma mpaka kwenye maungio. Juu ya kioo poda nyeupe kabisa.

boksa_mzee
Umemkamata. Ukiilaza kushoto oili yote inahamia upande wa kioo, ukiisimamisha inapungua, ndio maana nikauliza stendi. Sili ya krenki isingejali sana umeilaza wapi.

Kioo kizima na mpira wake kinauzwa pamoja, sio kitu cha bei kubwa, ila agiza cha BMW, usikubali mtu akupake silikoni kwa nje, inabanduka. Mwaga oili, toboa kile cha zamani katikati, ingiza skrubu ukivute, angalia vipande visidondokee ndani. Futa tundu liwe safi, pakaza oili kidogo kwenye mpira wa kipya, kiweke sawa halafu gonga taratibu kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wake tu, usiguse kioo chenyewe. Kikienda upande kitoe uanze upya. Ukishajaza, pima injini ikiwa ya moto kwenye stendi ya kati, uisubiri dakika kumi, na usizidishe, kati ya chini na juu ni kama nusu lita tu. Ukizidisha inapumulia kwenye boksi la filta ya hewa na utarudi hapa kuniambia inavuja tena.

spana13
Sawa nimekubali, kioo. Ila mpaka kipya kifike usiende nayo mbali, hivyo vioo huwa vinachomoka vyenyewe injini ikiwa ya moto, na oili yote inaenda chini ya tairi la nyuma.

mpanda_milima
Imepaki. Nimeshaagiza viwili.