Tupeane uzoefu: Tunaoukumbuka Uwanja wa Tiger, kona ya Michigan na Trumbull, Detroit

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Uzi huu ni wa wale tuliowahi kuishi Detroit na miji ya jirani kabla ya mwaka 2000, tukafika katika Uwanja wa Tiger, pale zinapokutana barabara za Michigan na Trumbull katika mtaa wa Corktown. Wengi wetu tulikwenda Michigan kwa masomo au kazi tukiwa hatujui besiboli ni mchezo wa namna gani, na uwanja huo ndio uliotufundisha. Ulibomolewa mwaka 2008 na 2009, na wanaoukumbuka wanazidi kupungua, kwa hiyo naomba tuandike tukiwa bado tunaweza.

Kwa vijana ambao hawakuuona: timu ya Detroit, Tigers, ilianza kuchezea kwenye kona hiyo mwaka 1896, katika uwanja wa mbao ulioitwa Bennett Park. Uwanja wa zege na chuma ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku ileile ulipofunguliwa Fenway Park wa Boston ambao unatumika hadi leo, nao ukaitwa Navin Field kwa jina la mmiliki wa timu. Mwaka 1938 ukawa Briggs Stadium, na mwaka 1961 ukapewa jina tulilolikuta sisi.

Naomba kila anayechangia aseme alikaa wapi na aliona nini, hata kama ni jambo dogo, kwa sababu sifa za jumla zimekwisha kuandikwa magazetini.

Nianze mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa majengo Ann Arbor miaka ya 1980, nami nataka kuzitetea nguzo. Kila aliyenunua tiketi ya bei nafuu anazifahamu: nguzo za chuma zilizosimama katikati ya viti, zikamziba mtu asimwone mtupaji, anayemrushia mpigaji mpira, au kituo cha kwanza kati ya vile anavyozunguka mpigaji. Nikiwa jukwaa la juu upande wa kituo cha tatu, niliinama kushoto mtupaji alipojiandaa, kisha kulia mpira ulipopigwa, na safu nzima iliinama pamoja nami. Lakini nguzo hizohizo ndizo zilizobeba jukwaa la juu, na kwa kuwa zilisimama mbele, jukwaa hilo liliweza kujengwa juu kabisa ya lile la chini, karibu sana na wachezaji. Viwanja vipya vimeondoa nguzo, na ili jukwaa la juu lijibebe lenyewe, limelazimika kurudishwa nyuma na kuinuliwa. Mwenye tiketi ya bei ya chini siku hizi haoni nguzo mbele yake, ila wachezaji wako mbali mno naye. Pale Michigan na Trumbull nilisikia mpira ukiingia katika glavu ya mdakaji, nikasikia mchezaji akimwita mwenzake. Ukaribu ule ndio ninaousikitikia, na kwa ajili yake nguzo zile nilizivumilia kwa moyo mweupe.

Upande wa kulia, jukwaa la juu lilichomoza futi 10 mbele ya lile la chini. Nilishuhudia mlinzi wa upande huo akirudi kinyumenyume hadi ukutani, akainua glavu akiwa na hakika ya kudaka, na mpira ukatua katika jukwaa la juu lililokuwa juu ya kichwa chake, miongoni mwa watazamaji. Hiyo ni homurani, pigo linalomruhusu mpigaji kuzunguka vituo vyote bila kuzuiwa, na mlinzi alikuwa bado ameinua mkono.

Karibuni.

Kutoka Southfield, Michigan

Ahsante sana kaka kwa kutufungulia mlango. Mimi ni mtu wa Mombasa, muuguzi, na niliolewa katika familia ya Wamarekani weusi wa Detroit. Aliyenipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza ni baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyetoka Alabama akiwa kijana kuja kufanya kazi katika viwanda vya magari.

Mzee aliupenda uwanja ule, lakini alihakikisha kwamba mkwewe anajua habari yote. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, alianza kuichezea Brooklyn mwaka 1947. Detroit haikumchezesha mchezaji mweusi hadi mwaka 1958, alipoingia Ozzie Virgil kutoka Jamhuri ya Dominika, na katika ligi kuu zote mbili ni Boston peke yake iliyochelewa zaidi. Kwa hiyo mzee alikaa miaka mingi mjini, uwanja ukiwa upo karibu, asikanyage. Alisema hawezi kulipa nauli na tiketi kwenda kuwashangilia watu ambao hawakutaka mtu kama yeye avae jezi yao.

Kilichomrudisha ni Willie Horton, kijana aliyekulia Detroit na kusoma shule ya sekondari ya hapohapo. Jumapili ya tarehe 23 Julai 1967, siku ghasia zilipoanza mjini, timu ilikuwa ikicheza na Yankees wa New York na moshi ulionekana kutoka majukwaani. Mechi zilipokwisha, Horton aliondoka akiwa bado na jezi, akaenda hadi mtaani, akapanda juu ya gari na kuwasihi watu warudi nyumbani. Ghasia hazikukoma, na watu 43 walipoteza maisha, lakini mzee alisema kuanzia siku ile alikuwa na mtu wake pale uwanjani. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa kwenye mabenchi ya wazi nyuma ya senta, yaani sehemu ya katikati ya uwanja iliyo mbali kabisa na mpigaji, katika mechi ya tano ya fainali dhidi ya St. Louis, Horton alipourusha mpira kutoka upande wa kushoto hadi kwa mdakaji, Lou Brock akatolewa akiwa amebakiza hatua moja kufika kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji na panapopatikana pointi. Detroit ilikuwa nyuma, ikashinda mechi ile, na hatimaye ikatwaa ubingwa.

Nilipokwenda naye mimi, alibeba redio ndogo ya betri. Niliuliza kwa nini mtu aliye uwanjani asikilize redio, akanionyesha kwa kidole: karibu kila safu ilikuwa na redio, na sauti ya mtangazaji Ernie Harwell ilisikika kutoka pande zote kwa pamoja. Mpira ukipigwa nje ya mstari na mtazamaji akaudaka, Harwell alitangaza kwamba umedakwa na bwana mmoja wa Saginaw, au na bibi mmoja wa Ypsilanti. Nikamuuliza mzee, “Baba, anawajuaje watu wote hawa?” Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanieleza kwamba Harwell hutaja mji wowote unaomjia, na watu wa miji hiyo hufurahi wakisikia wametajwa.

Kutoka Eldoret

Nitakuwa mfupi. Nilikwenda Michigan kwa ufadhili wa riadha, na jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye umbali. Kutoka kituo cha nyumbani hadi ukuta wa senta ilikuwa futi 440, yaani mita 134, na mlingoti wa bendera wenye urefu wa futi 125 ulisimama ndani ya uwanja wenyewe, mbele ya ukuta. Mpira ukiugonga mchezo uliendelea, na mlinzi wa senta alilazimika kukumbuka uko wapi wakati anakimbia akitazama juu. Mkufunzi wetu alitukalisha kwenye mabenchi ya wazi makusudi tutazame jinsi walinzi wale wanavyoanza kukimbia kabla ya sisi kusikia mlio wa gongo.

Kutoka Morogoro

Mimi sikwenda kutazama besiboli, na natumaini mtaniruhusu. Nilikwenda Alhamisi ya tarehe 28 Juni 1990, siku Nelson Mandela alipohutubia katika uwanja huo.

Nimekulia Morogoro. Wakati wa utoto wangu, serikali yetu ilikuwa imewapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ardhi ya Mazimbu, wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Tulikutana na wanafunzi wa Mazimbu sokoni na kwenye mechi za mpira wa miguu, tukajifunza nyimbo zao kabla hatujajua maana ya maneno. Wengine wao walifariki hapahapa na kuzikwa kwenye makaburi ya Mazimbu, wakiwa hawajaona nchi yao ikiwa huru. Kwa hiyo niliposikia nikiwa mwanafunzi wa Michigan kwamba Mandela, aliyetoka gerezani Februari ya mwaka huo baada ya miaka 27, atapita Detroit, nilikopa fedha ya tiketi na sikusubiri kujibiwa na ofisi ya masomo kuhusu ruhusa.

Mchana alikwenda kwanza Dearborn, kwenye kiwanda cha Ford cha Rouge, akazungumza na wafanyakazi, na jioni akaja uwanjani. Nilikaa jukwaa la chini, nyuma ya kituo cha kwanza, chini ya paa lile la jukwaa la juu ambalo mwanzisha uzi amelieleza. Naunga mkono hoja yake kwa ushahidi mwingine kabisa. Makumi ya maelfu ya watu walipoanza kuimba, sauti haikupotea hewani, bali iligonga jukwaa la juu ikaturudia, na nilihisi mtikisiko wake kwenye kiti nilichokalia. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo aliyevaa sare ya kanisa. Uliposikika wimbo wa “Nkosi Sikelel’ iAfrika”, niliimba maneno ya wimbo wetu wa taifa, “Mungu Ibariki Afrika”, kwa sababu sauti ni ileile. Mama yule akanishika mkono na kuniuliza naimba kwa lugha gani. Nilipomwambia ni Kiswahili, wimbo wa taifa la Tanzania, aliwageukia watu wa safu ya nyuma akawaambia kwa sauti, “Huyu anao wimbo huu nyumbani kwao!” Wakanitaka niimbe tena beti zote mbili, nikaimba.

Nilirudi uwanjani baadaye kutazama mechi, nikaupenda mchezo. Hata hivyo, kila nikiutazama uwanja ule nilifikiria makaburi ya Mazimbu, na ni vijana wangapi waliostahili kuwa mahali pangu jioni ile.

Kutoka Windsor, Kanada

Nimesoma ya Morogoro nikalazimika kuondoka kwenye kompyuta kwa muda. Mdogo wangu, tarehe uliyoitaja ina uzito kwangu pia. Tarehe 28 Juni 1976, Jumatatu usiku, Mark Fidrych, mtupaji kijana aliyekuwa akipiga magoti kusawazisha kwa mikono udongo wa kilima chake, yaani kijilima anachosimama mtupaji, na kuuzungumzisha mpira, aliwafunga Yankees 5 kwa 1, na watu walikataa kuondoka hadi alipotoka tena kuwapungia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimehamia Windsor kutoka Tanga, na kwa basi lililokuwa likipita handakini chini ya mto, Detroit ilikuwa karibu kuliko sehemu nyingi za mji wangu.

Lakini niliahidi moyoni kueleza mechi ya mwisho, tarehe 27 Septemba 1999, dhidi ya Kansas City. Tulikuwa watu 43,356. Wachezaji wa Detroit walioanza walivaa namba za magwiji waliowatangulia, na Gabe Kapler hakuvaa namba yoyote, kwa heshima ya Ty Cobb aliyecheza kabla jezi hazijaanza kuwekwa namba. Robert Fick alivaa namba 25 ya Norm Cash, mtu aliyewahi kupiga mipira minne ikavuka paa la kulia na kutoka nje ya uwanja. Inningi (zamu) ya 8 kati ya 9, vituo vyote vitatu vikiwa na watu, Fick aliupiga mpira ukapanda, ukagonga paa hilohilo la kulia, ukarudi uwanjani. Ikawa 8 kwa 2, na hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Kisha wakatoka wachezaji wa zamani, mmojammoja, kila mmoja akienda mahali alipokuwa akicheza. Fidrych alikimbia hadi kwenye kilima, akapiga magoti kama zamani na kuzoa udongo akautia mfukoni. Bendera ilishushwa kutoka kwenye mlingoti wa senta, ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Elden Auker, mtupaji wa miaka ya 1930, naye akamkabidhi mdakaji wa siku hiyo, Brad Ausmus, aipeleke uwanja mpya wa Comerica Park. Nilimtazama Auker zaidi kuliko wote. Mzee alisimama wima na sauti haikumtetemeka.

Nina swali kwa walioko Michigan: mlingoti ule upo bado?

Kutoka Lansing, Michigan

Shikamoo mzee wa Windsor. Mlingoti upo, tena mahali palepale.

Mimi natoka Bukavu, na nilifika Marekani uwanja ukiwa umekwisha kubomolewa, kwa hiyo niliyonayo ni ya baada. Majukwaa yalipoondolewa, kiwanja kilibaki na magugu yaliyofika kiunoni, na tangu mwaka 2010 kikundi cha wakazi kilichojiita Navin Field Grounds Crew kilikuja na mashine zao wenyewe kukata majani. Mara kadhaa walifukuzwa na polisi, wakarudi. Mfanyakazi mwenzangu alinichukua Jumapili moja, nikapewa reki kusawazisha njia ya kituo cha kwanza. Alikuwepo baba aliyemleta mtoto wake kukimbia vituo vyote, na bibi aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akimweleza kila aliyepita mahali mumewe alipokuwa akikaa. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala kama nilikuwa shabiki, ilimradi nilikuwa nikifanya kazi.

Tangu mwaka 2018 panachezwa michezo ya watoto, chini ya Detroit PAL, shirika la michezo ya vijana, na kiwanja kimepewa jina la Willie Horton, jambo ambalo dada wa Southfield naamini atalifurahia kwa niaba ya baba mkwe wake. Nyasi ni za bandia, na wazee wa kile kikundi walipinga jambo hilo kwa nguvu. Nawaelewa, kwa sababu walizitunza zile za asili kwa mikono yao. Hata hivyo kijana wangu amecheza pale, naye hupangwa senta.

Mzee, ukivuka mto, pita barabara ya Michigan hadi Trumbull. Ukinijulisha mapema, nitakuja kukupokea, na kijana nitamleta umweleze mwenyewe habari za Fidrych.