Sufuria la bia kugeuzwa mtambo wa gongo: leseni au pingu?

Mtu_wa_Isevya (Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linazungumzwa sana huku Tabora, na Kigoma najua limeshafika. Mafundi wanachukua yale masufuria ya stenlesi ya lita 50 ya kupikia bia, wanabana mfuniko, wanatoboa juu na kuweka bomba la mvuke. Tayari ni mtambo wa gongo. Sheria ya Moshi (moshi ndiyo gongo hiyo hiyo) ya mwaka 1966 haina utani: kukeneka pombe kali, yaani kuichemsha na kupoza mvuke wake, bila leseni ni kosa. Lakini gongo ipo kila wilaya, tena inapikwa kwenye mapipa ambayo hakuna anayejua yalibeba nini, lami au dawa za tumbaku. Hoja yangu ni kwamba serikali ikubali mtambo wa stenlesi uliokaguliwa, vikundi vipewe leseni, TBS wapime, TRA wachukue chao. Wakenya waliruhusu chang'aa, gongo yao, mwaka 2010, wakataka iwe kwenye chupa isiyopungua mililita 250. Sisi tunangoja nini?

Kwa mtambo wa kisasa hata ajali zitapungua. Siyo kama wenzetu wa Kigoma wanaoziba mtambo kwa ugali wa muhogo halafu wanashangaa kibanda kikiwaka.

Nawasilisha.

Mwanga_Sokoni (Kigoma)
Hoja ya leseni sina ugomvi nayo. Ila hiyo aya ya mwisho ungeiacha huko huko Isevya.

Kibanda kuwaka na ugali vinahusiana wapi? Kibanda kinawaka kwa sababu kidumu cha kupokelea kimewekwa hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Mvuke wa pombe ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara moja na nusu. Haupai kama moshi wa kuni, unatambaa chini hadi ukute moto. Ukiziba kwa dhahabu na kidumu ukakiacha pale pale, kitawaka tu. Muhogo tuachie sisi.

Fundi_Agoni (Tabora)
Wote wawili mmeshika neno "kuziba" vibaya, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mtambo hauzibwi kama jiko la presha. Unazibwa kwenye maungio tu, ili mvuke upite njia moja: mfuniko, bomba, koili ya kupozea, halafu nje. Mdomo wa mwisho lazima uwe wazi muda wote. Hakuna valvu wala koki kati ya sufuria na kidumu, na ukimwona fundi kaweka koki hapo, mrudishie kazi yake.

Sababu ni hii. Mfuniko wa sufuria la bia la lita 50 una upana kama sentimita 40. Presha ya bar 0.1 tu, sawa na kina cha mita moja ya maji, inausukuma kwa nguvu ya uzito wa karibu kilo 128. Hizo ni zaidi ya gunia zima la mahindi, na kinachoushika ni klampu nne za waya. Sufuria la bia halikuundwa kwa kazi hiyo. Bati lake ni jembamba, chini ni bapa, mfuniko ulitengenezwa kukaa tu juu ya ukingo.

Kinachoziba njia mara nyingi ni machicha. Mtu anamimina pombe ya ndizi bila kuchuja, anajaza hadi shingoni, anachochea moto. Povu linapanda na makapi yake, linakuta bomba la nusu inchi, linakwama. Kwa hiyo jaza lita 35, usizidi 37. Bomba la kutokea mvuke lianze na inchi 2 pale kwenye mfuniko, lipungue mbele kwa mbele, na lisiende chini ya inchi moja kabla ya koili. Na chuja kwa kitambaa mara mbili.

Mtu_wa_Isevya
Fundi ahsante, hapo umenyoosha. Mwanga, sikuwatukana, nimesema ukweli wa jikoni. Muhogo hauna ule mnato wa ngano. Ukikanda unga wa ngano unapata donge linalovutika kama la chapati. Ukilibandika kwenye ungio linafuata bati linavyotanuka kwa joto. Ugali wa muhogo ukikauka unapasuka, mvuke unatokea pembeni, na chini kuna kuni. Si ndiyo njia ya moto hiyo hiyo uliyoieleza wewe mwenyewe?

Ujiji_Asilia (Kigoma)
Mtu wa Isevya anafundisha Kigoma muhogo. Dunia imeisha.

Hakuna anayebandika ugali mtupu, mkuu. Kitambaa cha pamba kinakatwa vipande vya vidole viwili, kinachovywa kwenye uji mzito wa muhogo, kinazungushwa kwenye ungio mara tatu au nne. Kinachozuia nyufa ni kitambaa, uji kazi yake ni kujaza matundu. Ukiona umeanza kukauka unapaka tena juu kwa mkono uliolowa. Hiyo ngano yenu nayo mkiibandika nene inakauka nje, ndani mbichi, halafu inabanduka kama gamba.

Sheria_Mkononi
Jamani, swali lilikuwa leseni. Sheria ya 1966 yenyewe iliweka utaratibu wa leseni, kwa hiyo mlango upo kisheria. Tatizo ni kwamba mtu wa kijijini hawezi kuufikia. Mngejadili masharti gani yawekwe ingesaidia zaidi kuliko chapati na uji.

Mwanga_Sokoni
@Sheria_Mkononi tutafika. Kwanza hili liishe.

Isevya, unga wowote, wako au wetu, una sifa moja ambayo mpira na silikoni hazina: presha ikizidi, unga ndio unaoachia kwanza. Unasikia "fyuu", unaona mvuke, unavuta kuni nje. Hiyo ndiyo valvu ya usalama ya mtu asiye na valvu. Sasa hao mafundi wenu wa kisasa wanabana mfuniko kwa boliti kumi na mbili na gasketi ya gari. Njia ikiziba, nini kitaachia? Hakuna dhaifu tena isipokuwa sufuria lenyewe. Mnaita maendeleo.

Kaliua_Junction (Tabora)
Mwanga kapiga penyewe, ingawa mimi ni wa huku.

Niongeze kwenye gasketi. Mpira mweusi wa kukata kwenye tyubu ya tairi usitumike kabisa. Mvuke wa pombe unaulainisha, unanuka, unatoa vitu vinavyoingia kwenye kinywaji. Silikoni ya vyakula ni afadhali, lakini nayo watu wanaizungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, ile ya teflon, ili mvuke usiiguse. Tepu hiyo inavumilia zaidi ya nyuzi 200, na mvuke wetu haufiki 100.

Mama_Wanzuki (Tabora)
Wanangu mnabishana juu ya mfuniko, mmesahau bomba la chini. Sufuria la bia lina koki karibu na kitako, na mengine yana tundu la kipimajoto na mrija wa plastiki wa kuonyesha kiasi. Vyote hivyo vimeshikiliwa kwa nati na washa za mpira, kwa sababu bia haihitaji zaidi. Kwenye kukeneka washa hizo zinalegea. Tone la kwanza linadondokea wapi? Kwenye moto. Unga ni wa juu, huku chini unga haufai. Ama koki ing'olewe na tundu lichomelewe kwa stenlesi, ama ungio lote lichomelewe upya. Mrija wa plastiki utolewe usirudi.

Na ulehemu usifanywe kwa risasi. Hata koili za redieta za magari, ambazo naona bado zinasifiwa, nyingi zimelehemiwa kwa risasi na zimeshapitisha maji ya kemikali. Risasi haionekani, haina ladha kali, na mwilini haitoki upesi.

Fundi_Agoni
Shikamoo Mama. Hapo umemaliza kila kitu kwenye koki.

Mtu_wa_Isevya
Mama shikamoo. Sawa, koki nakubali. Ila Mwanga anasema "mafundi wenu". Mafundi wa Tabora ndio waliochomelea nusu ya mageti ya Kigoma, garimoshi linajua. Na hiyo valvu ya "fyuu" ni hatari nyingine. Ungio likiachia, mvuke wa pombe umejaa kibandani, na wewe mwenyewe umetueleza unatambaa hadi kwenye moto. Sasa imeokoa nani? Afadhali valvu halisi, na bomba lake lielekezwe nje ya ukuta.

Mwanga_Sokoni
Valvu halisi ya kufunguka kwa presha ndogo kiasi hicho utainunua wapi Tabora? Zile za magulio ni za kompresa, zinafunguka bar 8. Kwa bar 8 huo mfuniko umeshafika Urambo.

Fundi_Agoni
Hapo Mwanga yuko sahihi, na Isevya yuko sahihi kuhusu mvuke kujaa. Lakini mvuke mwingi kibandani mara nyingi hauanzii kwenye ungio. Unaanzia kwenye koili dhaifu. Moto ukizidi upoozaji, mvuke unatoka mzima kwenye mdomo wa mwisho. Piga hesabu: joto la kilowati 3 likiingia kwenye sufuria, lazima joto karibu hilo hilo litoke kwenye maji ya kupozea. Maji yakiingia na nyuzi 25 na kutoka na 55, unahitaji lita 86 hivi kwa saa. Pipa la maji yaliyosimama linachemka juu wakati chini ni baridi, kwa hiyo maji baridi yaingizwe chini, ya moto yatoke juu. Na matone yatoke baridi. Yakitoka ya vuguvugu, punguza moto hapo hapo.

Ujiji_Asilia
Lita 86 kwa saa! Ndiyo maana Tabora wanapenda presha, maji hawana. Sisi tuna Tanganyika nzima.

Kaliua_Junction
Ziwa lako liko Ujiji, ndugu. Kibondo na Kakonko wanachota kisimani kama sisi.

Mpita_Njia
Mnapoteza muda. Mtambo uwe wa stenlesi au wa udongo, gongo inapofusha kwa sababu ya methanoli, ile pombe ya sumu. Mwaga glasi ya kwanza, mambo yamekwisha.

Mama_Wanzuki
Hapana mwanangu, hiyo imani imeua watu kwa kuwapa moyo. Glasi ya kwanza inamwagwa kwa sababu ina vitu vinavyonuka kama rangi ya kucha na kuumiza kichwa. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 ikiwa peke yake, lakini ikichanganyika na maji na pombe haitoki yote mwanzoni, inasambaa hadi mwisho. Asali na sukari hazitoi methanoli ya kutisha, matunda yanatoa kidogo. Vifo vya mkupuo vinaletwa na mtu anayenunua methanoli ya kiwandani na kuichanganya ili iongezeke. Mei 2014 Kenya walizika makumi ya watu kwa kinywaji cha namna hiyo, na chang'aa ilikuwa imeruhusiwa miaka minne nyuma.

Sheria_Mkononi
Hii sasa ndiyo hoja! Leseni ya mtambo peke yake haizuii mchanganyaji wa mtaani. Sisi wenyewe viroba, pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017 na vilikuwa vya kiwandani, vyenye leseni. Kwa hiyo kikaguliwe chombo, au kikaguliwe kinachouzwa?

Mtu_wa_Isevya
Vyote. Lakini Mwanga bado hajasema uji wa muhogo unavumilia saa ngapi kabla ya kupasuka.

Ujiji_Asilia
Unavumilia kuliko subira yako.

Mwanga_Sokoni
Nitakujibu kwa jaribio, usiniamini kwa maneno. Mimina maji matupu lita 10, bila pombe. Ziba ungio moja kwa ngano, sehemu tatu za unga kwa moja ya maji, na lingine kwa kitambaa na muhogo. Chemsha nusu saa. Pitisha brashi yenye povu la sabuni kwenye kila ungio, na pale kwenye koki aliposema Mama tazama matone. Panapotoa mapovu au matone panavuja. Ukimaliza, zima moto na uache mdomo wa mwisho wazi, usiwe umezama ndani ya kidumu, maana sufuria likipoa linanyonya. Linaweza kurudisha ulichokipokea chote ndani, na likikosa hewa ya kunyonya, kuta zinabonyea kama kopo.

Uje hapa na majibu ya maungio yote mawili, hata kama ngano imeshindwa.