Mwalimu Nyerere: alikuwa Rais wa TANU lini, na Rais wa nchi lini?

Muulizaji
Wakuu, naomba msaada wa tarehe. Kuna maandishi yanasema Mwalimu alikuwa Rais tangu 1954, mengine 1962. Kuna yanayosema aling'atuka 1985, mengine 1990. Na mwaka 1962 Kawawa anatajwa kuwa kiongozi wa nchi. Tushike lipi?

Kumbukumbu
Tarehe zote hizo zina ukweli, ila zinahusu viti viwili. Chora safu mbili, chama na serikali, wala usizichanganye.

Chama: Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA (Tanganyika African Association). Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa TANU, naye akawa Rais wake. Cheo hicho ndicho kinachowachanganya watu, maana kiongozi mkuu wa TANU aliitwa Rais, si Mwenyekiti. Jina la cheo lilibadilika 5 Februari 1977, TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana kuwa CCM. Akaendelea kama Mwenyekiti hadi Agosti 1990.

Serikali: Waziri Kiongozi Septemba 1960, Waziri Mkuu Mei 1961, akajiuzulu 22 Januari 1962, akarudi kama Rais wa Jamhuri 9 Desemba 1962, akaondoka Novemba 1985.

Kawawa alikuwa Waziri Mkuu ile miezi ya katikati. Mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Turnbull. Kwa hiyo ukiandika "Rais Kawawa" umekosea.

Mtaa wa Lumumba
Naongezea hiyo Januari 1962, kwa sababu wengi huipita kama jambo dogo. Wiki sita tu baada ya Uhuru, Waziri Mkuu anaacha kazi lakini urais wa TANU hauachi! Viongozi wa chama walikuwa wameingia serikalini na matawi yalianza kupwaya. Alizunguka mikoani kukijenga chama upya, na aliporudi kugombea Novemba 1962 dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC (chama cha upinzani cha Tanganyika) alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Huyo Mtemvu naye usimwache juujuu. Alitoka TANU kwa kupinga uamuzi wa mkutano wa chama wa Tabora, Januari 1958. Kwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, serikali ya kikoloni iliweka kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, vinginevyo kura yake iharibike. Juu ya hapo, mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotajwa katika sheria. Wajumbe wengi walitaka kususa. Mwalimu akawaonyesha hesabu: TANU ikisusa, viti vyote vinaenda kwa UTP, chama kilichopendelewa na serikali. Wakakubali kushiriki, na TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Kwa maoni yangu, hapo ndipo urais wake wa chama ulipopimwa kuliko mahali pengine popote.

Muulizaji
Asanteni sana. Na ile miaka mitano, 1985 hadi 1990?

Kumbukumbu
Hapo Mwinyi alikuwa Rais wa nchi, Mwalimu Mwenyekiti wa CCM, na alichaguliwa tena kwenye uenyekiti 1987. Haikuwa heshima tupu: tangu marekebisho ya katiba ya 1975 chama kilishika hatamu, yaani shughuli za dola zilikuwa chini ya chama.

Pengo kama hilo limejirudia baadaye, ila fupi. Mkapa aliapishwa Novemba 1995, uenyekiti akaupata 1996. Kikwete aliapishwa Desemba 2005, uenyekiti 2006. Magufuli aliapishwa Novemba 2015, akakabidhiwa chama Julai 2016. Samia aliapishwa Machi 2021, akachaguliwa mwenyekiti 30 Aprili. Ukiona mtu ameandika mwaka mmoja kwa kofia zote mbili, mhakiki.